Tunzo ya Mama kwa Mwimbaji wa Kirusi

Mwanamke aliyekaa kwenye benchi la kliniki ya koo asubuhi ile nilimjua kabla hajafungua mdomo, maana nililala chini ya uso wake miaka yote niliyokuwa mwanafunzi. Picha yake ilibandikwa juu ya kitanda changu katika bweni la chuo cha uuguzi, huko Urusi, wakati ule nchi ikiitwa bado Umoja wa Kisovieti. Serikali yetu ilitutoa Unguja kwenda kusoma, kundi la wasichana tusiowahi kuvaa soksi za sufu, na mwenzangu wa chumbani, Mrusi, akanambia kama nataka kujifunza lugha yao upesi nisikilize nyimbo za huyu mwanamke. Kweli nilijifunza. Maneno ya kuugua na ya kupona nilifundishwa darasani, lakini ya kupenda na ya kuachwa nilifundishwa na yeye.

Sasa miaka ya tisini ilikuwa inamalizika, na mie nilikuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja ya London, kwa sababu diploma yangu ya Kirusi hapa hawakuitaka. Habari hiyo nimeshaikasirikia sana, sasa nimechoka nayo. Siku ile muuguzi mkuu alikuwa anapita anauliza nani anajua Kirusi, na macho yake yakampitia kila mtu ila mie na mtandio wangu. Nikamwambia najua. Akadhani sikumsikia vizuri.

Nikamwendea yule bibi nikamwambia kwa Kirusi, karibu, daktari yuko tayari. Alinitazama kuanzia mtandio mpaka viatu. Kisha akaniuliza, kwa sauti iliyokwaruza, "Dada, wewe umetoka wapi?" Warusi humwita muuguzi dada. Nikamwambia nimetoka Zanzibar, na nimesoma kwao, na yeye namjua. Basi mwanamke yule, mgonjwa, kachoka, skafu kaizungusha shingoni kama bandeji, akanyanyua mkono akatengeneza nywele.

Daktari hakuzunguka. Kuna uvimbe mbaya ndani ya koo, na njia ya kumwokoa ni kuliondoa lile sanduku la sauti lote. Ataishi, inshallah, lakini hatasema tena, na kuimba ndiyo basi. Mie ndiye niliyetakiwa kumwambia. Nilitafuta neno la kulainisha nisilipate, Kirusi changu ni cha wodini, husema mambo kama yalivyo. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Muulize, kabla hajanikata, naweza kuimba mara moja?" Daktari akasema anaweza, haitamzidishia maradhi, ila asitarajie mengi kutoka katika koo lile. Bibi akaniambia nimshukuru daktari kwa niaba yake.

Nilipomsindikiza kituoni ndipo tulipogundua kuwa tunakaa mtaa mmoja, Wembley, yeye kwa binti yake aliyeolewa na Mwingereza, mie na mume wangu na watoto na mama yangu mzazi. Nilipomweleza mama habari za mgonjwa, kesho yake nikamkuta ameshapika mkate wa kumimina, amevaa buibui, amekaa karibu na mlango. Kwetu mgonjwa hutazamwa, na mama hakuona kwa nini Mrusi awe mbali na jambo hilo.

Ndivyo walivyojuana. Lugha hawakuwa nayo hata moja baina yao, mie nikiwa katikati natafsiri huku na huku mpaka kichwa kinauma. Bibi yule alitupa chai nyeusi na jamu pembeni, ya kulamba kwa kijiko. Mama akanong'ona, "Chai kwa jamu, haya makubwa," akalamba, akaongeza. Mama alimwita shoga, kama wanawake wa kwetu wanavyoitana marafiki, tangu siku ile ya kwanza, na yule akalidaka neno, akawa naye anamwita vivyo hivyo. Kila akimwita, "Shoga," mama huitika, "Abee." Hilo ndilo neno pekee la Kiswahili alilokuwa nalo, na alilitumia sana.

Katika ziara zile ndipo nilipoyasikia maisha yake, vipande vipande. Alizaliwa mji mdogo kandokando ya mto mkubwa, baba dereva wa lori, mama mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Aliimba katika klabu ya kiwanda, akashinda mashindano ya mkoa, akapelekwa mji mkuu na sanduku la mbao. Kulikuwa na kamati ya kukagua nyimbo. Wimbo ukiwa na huzuni nyingi huambiwa uongeze matumaini. Usiku wa kuamkia mwaka mpya nchi nzima ilimwona kwenye televisheni, na hayo nayajua mwenyewe, tulijazana ukumbini bwenini kumtazama. Walimpeleka pia kuwaimbia wajenzi wa reli, jukwaa ni nyuma ya lori, koo wazi katika baridi ambayo ukitema mate yanaganda. "Lakini nilikuwa naimba," alisema. "Pale nilikuwa naimba kweli."

Kisha nchi ile ikavunjika, na kazi yake ikageuka. Walikuja vijana wenye pesa, wakajaza viwanja vya mpira, na waimbaji wakawa wanapanda jukwaani kufungua mdomo tu, sauti inatoka kwenye kanda iliyorekodiwa zamani. Wenyewe wanaiita fonogramu. Yeye alikataa kwanza. Aliyekataa haitwi, basi naye akakubali, na mwaka ukaingia mwaka ukatoka. Hata alipohamia London kumfuata binti, Warusi wa hapa wakimwita kwenye harusi na mikahawa yao, alikuwa anakwenda na kanda. "Dada," akaniambia, "watu wanadhani wamenisikia. Mimi nimenyamaza miaka saba." Nilimtafsiria mama, na mama akashika shavu, lakini nadhani hakufahamu vizuri. Kwake yeye mtu kufungua mdomo asiimbe ni kitu ambacho hakipo.

Mama alikuwa mtu wa taarabu khasa. Ujana wake hakukosa harusi wala ukumbi, na alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakiweka redio kaseti zao mbele ya jukwaa, safu nzima, kila mtu anajirekodia wake. Redio yake ndogo alikuja nayo Uingereza, na kila penye shughuli huitia mkobani. Siku moja bibi yule alimuuliza mwimbaji wa kwetu hupongezwa vipi, kwao wao watu huleta maua nyimbo zikimalizika. Mama akacheka. "Kwetu mtu hangoji mwisho. Neno likikugusa unanyanyuka hapo hapo, unakwenda ukiyumba taratibu, unamtunza, unamtia pesa mkononi, naye huku anaendelea kuimba. Anajua wimbo umefika." Bibi akasema kwao mwimbaji angedhani unakwenda kumpiga. Kisha akauliza, akiikataa hiyo pesa je? Mama alimshangaa. "Haikataliwi. Akiikataa kakutukana mbele za watu."

Siku hiyo pia alitughania wimbo wake mmoja wa zamani, chini chini, na ule mkwaruzo. Ni habari ya mwanamke aliyezoea kutia chai vikombe viwili, na asubuhi moja anatia kama kawaida, kisha anakitazama kile cha pili. Nikamtafsiria mama. Baba yangu alifariki hapa London, mwaka wa pili baada ya kufika, na mama kwa muda mrefu alikuwa akitia vikombe viwili na sisi tukijifanya hatuoni. Mama alichukua kitambaa akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

Bibi aliomba apangiwe onyesho kabla ya kuingia hospitali. Bwana mmoja wa Kirusi, mpangaji wa maonyesho, akakodi ukumbi magharibi ya jiji, Jumapili mchana. Wakaanza kuvutana. Yeye anataka kuimba kwa koo lake, hata wimbo mmoja. Yule bwana anataka kanda. Binti yake naye alisimama upande wa kanda, na mie sikumlaumu, alikuwa anamhurumia mama yake. Alimwambia mbele yangu, "Mama, watu wanaikumbuka sauti ile. Kwa nini uwaachie hii?" Bibi alijibu, na naona kama ananijibu mie, "Kwa sababu hii ndiyo ninayokwenda kukatwa." Lakini alikuwa mgonjwa, hakuwa na nguvu za kugombana. Mwisho alikubali kanda kwa nyimbo zote. Alinambia habari hiyo anaangalia dirishani, na siku hiyo hakutupa chai.

Mama sikumweleza. Niliona ataishia kuniuliza maswali nisiyoyaweza.

Jumapili hiyo ukumbi ulijaa. Wanawake wamejipulizia manukato, wanaume makoti marefu, maua kila mahali. Sisi tulikaa safu ya tatu. Mama alivaa buibui lake zuri na kanga mpya juu yake, mkoba mapajani, na nilisikia kidole chake kikibonyeza redio ndani ya mkoba. Bibi akatoka, gauni la buluu, skafu ya buluu shingoni, na watu wakasimama. Muziki ukaanza, akanyanyua maikrofoni, na sauti iliyotoka, wallahi, ndiyo ile ya bwenini. Changa, imenyooka, inapanda juu bila kutafuta pa kushika. Nilisisimka mwili mzima, na huku najua ni kanda.

Mama alikuwa amenishika mkono. Nikageuka nikaona machozi yanamtoka. "Alhamdulillahi," akasema. "Kapona. Umesikia? Sauti imefunguka."

Nyimbo mbili zikapita, mama anashukuru tu, midomo inamcheza. Nilijisemea nitamweleza nyumbani, kwa taratibu, na chai mbele yake.

Kisha ukaja ule wa vikombe viwili. Mama aliujua tangu mapigo ya kwanza. Ulipofika pale ambapo mwanamke anakitazama kikombe cha pili, mama alifungua mkoba, akatoa noti ya pauni kumi, akaniwekea mkoba mapajani, akanyanyuka. Nilimshika kanga. "Mama, kaa. Si yeye anayeimba, ni kaseti."

"Niachie nikamtunze," akasema, hata hajanisikia. "Mtu kapona, mie nikae?"

Kanga ikanibaki mkononi, mama akaenda. Alikwenda kama wanavyokwenda kwetu, taratibu, bega moja mbele, noti juu baina ya vidole viwili. Warusi walidhani ni sehemu ya onyesho wakaanza kumpigia makofi. Akapanda ngazi. Bibi alimwona, na uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli, ndiyo iliyomponza. Mkono wa kushoto ulikuwa na maua. Mama akauchukua wa kulia, wenye maikrofoni, aitie noti vidoleni, kwa sababu tunzo kwetu haitiwi mkono wa kushoto. Maikrofoni ikashuka mpaka kiunoni. Bibi akainama akambusu shavuni, mdomo umefungwa.

Na sauti ikaendelea. Ubeti mzima ulisikika pale juu ya vichwa vyao, mzuri, mchanga, hauna mwenyewe.

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mwingine akapiga mluzi, na Warusi mluzi kwao ni wa kuzomea. Mama aliutazama mdomo wa shoga yake, kisha akatazama spika, kisha akanitafuta mie katika safu ya tatu. Mengi nimesahau ya miaka ile, uso ule sijausahau. Nilitaka nipande jukwaani nimshushe, nimfunike na ile kanga, tuondoke tusirudi tena mtaa huo.

Bibi alisimama wima. Nilimwona anamtazama mpangaji wake pembeni, na binti yake safu ya mbele aliyejifunika uso. Kisha akakifungua kiganja cha mama, akamrudishia noti yake, akamfumba vidole. Mama alirudi nyuma hatua moja kama mtu aliyesukumwa. Nami damu ilinipanda, nilijua yule mwanamke anajua maana yake, tulikaa tukamweleza.

Lakini alikuwa ameshanyanyua mkono kumwashiria fundi wa muziki. Kanda ikakatwa katikati ya neno. Ukumbi kimya. Akaiweka maikrofoni chini sakafuni, akaniita kutoka kule juu, na bila maikrofoni ule mkwaruzo wake ulisikika vizuri kabisa.

"Dada. Mwambie shoga yangu sijaikataa. Mwambie sikuweza kuipokea, kwa sababu sijaimba bado. Asimame hapo hapo. Sasa naimba."

Nikasimama mbele ya Warusi wale wote nikapaza sauti kwa Kiswahili, "Mama, anasema hajaimba bado. Anasema umngoje." Mama akaitikia kwa kichwa, akangoja, noti mkononi.

Akaimba. Hakukuwa na muziki. Sauti ilikwaruza kama ufagio wa chelewa za mnazi juu ya saruji, na pale ambapo wimbo unapanda hakujaribu kupanda, aliyasema maneno tu, moja moja, anavuta pumzi baina yake. Baadhi ya watu waliondoka. Nilivisikia viti vyao. Mwanamke wa mbele yangu alikuwa anatikisa kichwa, sijui kwa huruma au kwa hasira. Si kwamba ilikuwa nzuri, nisikudanganyeni. Ilikuwa ya mtu anayeumwa. Lakini nilifahamu kila neno kama naambiwa mie, na nilipokuwa msichana bwenini sikuwahi kuyafahamu hivyo. Alipofika kwenye kikombe cha pili mama akaenda tena, zile hatua za mwanzo, bega moja mbele, akamtia noti katika kiganja cha kulia. Bibi aliipokea, akaisunda kifuani ndani ya gauni kama wafanyavyo waimbaji wetu, na wala hakuwa amefundishwa. Akaumaliza wimbo akiwa amemshika mama mkono.

Makofi yalikuja, si ya wote. Mpangaji alitoka bila kuaga. Binti hakunisemesha, alimvika mama yake koti na kumtia garini. Sisi tukapanda basi. Mama alikaa dirishani, akanigeukia tulipokaribia kushuka. "Kwa hiyo hakupona," akasema.

"Hakupona, mama."

Akaivuta kanga usoni, akalia mpaka nyumbani.

Bibi alipasuliwa koo wiki iliyofuata. Mie sikuwa zamu, niliingia hivyo hivyo. Akapona jeraha, akarejea kwa binti, tundu shingoni na skafu juu yake, na kimya. Tulipokwenda kumtazama, binti alitufungulia mlango bila neno. Alikuwa amemwekea mama yake sahani za santuri za zamani, nadhani siku nzima, akitaka kumfurahisha. Ile sauti changa ilijaa sebule. Bibi alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake.

Mama alikwenda akaizima mwenyewe, kwenye nyumba ya watu. Kisha akakaa karibu ya shoga yake, akatoa redio mkobani, akaiweka juu ya meza, akabonyeza. Mie nilikuwa nimesahau kuwa ilikuwa inarekodi.

Ikasikika kanda ya jukwaani, kwa mbali. Halafu karibu kabisa, sauti ya mama: "Alhamdulillahi. Kapona." Kisha mie na mama tunavutana, kisha makofi, kicheko, mluzi. Binti akaniuliza, neno lake la kwanza kwangu tangu siku ile, "Mama yako anasema nini pale mwanzo?" Nikamwambia kwa Kirusi, ili wote wawili wasikie. Anasema mama yako kapona. Alidhani kapona, ndiyo maana akanyanyuka.

Binti akakaa chini. Bibi alinitazama, akamtazama mama, na kidole chake kikafanya hapana, hapana. Redio ikaendelea. Kimya cha ukumbi kikapita, amri yake kwangu ikapita, nikajisikia nikipiga kelele. Kisha ukaja ule mkwaruzo wa chelewa, na hapo bibi akaweka kiganja kifuani pake, akamgusa mama goti. Midomo yake ilikwenda, sauti haikutoka hata chembe. Lakini neno lenyewe tulilijua sote, hakuwa na jingine.

Mama akaitika, "Abee."